KABLA YA KUHAMIA MLIMA MARSABIT, JUENI MVUA YAKE



Somo la toleo hili ni refu kidogo, kwa hivyo afadhali mligawe katika mikutano miwili. Anayesoma asome polepole, na wazee wasikilize na kubisha pale panapostahili kubishwa.

Tangu barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale ikamilike katika miaka ya 2010, safari iliyokuwa ya kula vumbi siku nzima juu ya lori imekuwa ya saa chache. Watu wengi wamepanda huko wakaona. Ukitoka Isiolo unapita Archers Post, Merille, Laisamis, halafu jangwa la Kaisut: mawe, miiba na ngamia. Mara mlima unasimama mbele yako, kijani kibichi, wingu limeukalia kichwani. Mtu aliyezoea jembe akiona hivyo moyo humruka. Akirudi nyumbani anauliza swali ambalo sisi tunaofanya kazi ya jamii hapa mlimani tumeulizwa mara nyingi: "Si kule kunalimika? Kwa nini tusiuze kirobo hiki cha ekari twende tukapate nafasi?"

Kunalimika, ndiyo. Lakini kuna jambo la kujua kwanza, na sisi tulilijua kwa kuchelewa.

Jinsi tulivyokosea sisi wenyewe

Mwezi wa Desemba 2019 mama mmoja mjane kutoka upande wa Kitale alikuja kumtembelea kaka yake, mwalimu hapa Marsabit. Alikuwa na watoto wanne na kashamba kadogo alikoachiwa na marehemu. Kaka yake alituomba tumtembeze, nasi tukamtembeza siku tatu. Mvua fupi za mwaka ule, kama mnavyokumbuka, zilikuwa nyingi kupita kawaida karibu nchi nzima. Nyasi zilifika magotini. Mahindi ya watu yalikuwa meusi kwa rutuba. Mama alichukua udongo mkononi, akaukamua, akacheka. "Huu ni udongo wa nyumbani kabisa," akasema. Nasi tukaitikia.

Akauza kwao, akahama Februari 2020. Nzige walikuwa wakipita wakati huo huo, lakini hilo hatumlaumu mtu. Katikati ya Machi akapanda mbegu aliyokuja nayo kwenye gunia, H614, ile ambayo yeye na mama yake wamepanda miaka yote. Aprili na Mei ilinyesha vizuri sana. Mahindi yakapita kichwa cha mtu. Mwanzo wa Juni mvua ikakatika, na mahindi ndiyo kwanza yanaanza kutoa mbelewele. Akangoja. Huko kwao mvua ya Juni na Julai ni jambo la kawaida, hata Agosti na Septemba. Hapa alipata ukungu kila asubuhi, upepo kila mchana, na mwishowe magunzi yenye punje chache kama meno ya mzee. Ng'ombe wa jirani walikula mabua.

Alisema ni bahati mbaya, angepanda tena Oktoba. Mvua ya Oktoba 2020 ikakosa. Ya 2021 ikakosa zote mbili. Ya 2022 ikakosa zote mbili. Misimu mitano mfululizo! Wataalamu walisema ulikuwa ukame mbaya zaidi katika Pembe ya Afrika kwa miaka 40. Kufikia hapo mama alikuwa akipanga foleni ya chakula cha msaada pamoja na wafugaji waliomaliza ng'ombe, naye hakuwa na kwao pa kurudi, maana alishauza.

Ukame hatungeweza kuuzuia. Lakini lile zao la kwanza la 2020, katika msimu ambao mvua ilikuwa nzuri, lilipotea kwa sababu ya ujinga wetu. Tulimwonyesha mlima ukiwa umevaa nguo ya sikukuu, na hatukumwambia nguo zake za siku za kazi zinafanana vipi.

Hewa ya leo na tabia ya nchi

Kuna hewa ya siku na kuna tabia ya nchi. Hewa ya siku ni kama hasira au kicheko cha mtu asubuhi moja. Tabia ya nchi ni vile mtu huyo alivyo miaka nenda miaka rudi, jambo ambalo jirani analijua na mgeni halijui. Wanaopima hali ya hewa hutumia miaka 30 ndipo waseme tabia ya mahali ni hii. Sisi tulitumia siku tatu.

Sasa tuitazame tabia ya mlima huu. Marsabit ni mlima wa volkano uliolala, na kilele chake kina mita kama 1,700 juu ya bahari. Chini yake upande wa kaskazini-magharibi kuna jangwa la Chalbi, lenye mita zisizofika 400. Upepo unatoka Bahari ya Hindi, kusini-mashariki, ukibeba unyevu. Unapita nyika yote ile bila kuacha kitu, lakini ukigonga mlima unalazimika kupanda, na hewa inayopanda hupoa. Mnajua kifuniko cha sufuria ya chai: mvuke ukigusa kifuniko kilicho baridi unageuka matone. Mlima ndio kifuniko. Ndiyo maana juu mjini na msituni kwa mwaka hunyesha milimita 700 au 800 hivi, na mbali chini huko Chalbi hazifiki 200. Kila ukipanda mita 1,000 baridi nayo huongezeka, kama digrii sita.

Mtu wa Kitale akisikia 800 anasema, "Si mbaya sana, sisi tunapata 1,100 au 1,200." Hapo ndipo mtego ulipo. Hesabu ya mwaka mzima inadanganya. Kitale mvua huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Oktoba, ikipumzika kidogo tu, na mahindi ya miezi sita yanapata maji mwanzo hadi mwisho. Marsabit ile 800 imekatwa vipande viwili. Kipande cha kwanza ni mwisho wa Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo yenye nguvu. Cha pili ni Oktoba hadi mwanzo wa Desemba, nguvu zake zikiwa Novemba. Kuanzia Juni hadi Septemba, miezi minne, ni matone ya kuhesabu.

Waborana hawahitaji karatasi kujua haya, kwa kuwa kalenda yao imeyasema zamani. Mvua ndefu ni ganna. Baada yake ni adolesa, kiangazi cha baridi na ukungu. Halafu hagaya, mvua fupi, na baadaye bona hagaya, kiangazi cha jua kali. Mama yule aliishi ndani ya adolesa akidhani bado ni msimu wa mvua, kwa sababu mawingu yalikuwa juu yake kila siku.

Ukungu si mvua

Hili tulieleze taratibu maana ndilo linalowapoteza wengi, hata maafisa.

Usiku na asubuhi wingu hushuka likafunika mlima. Saa nne au tano jua linalifukuza, jioni linarudi. Msituni miti mirefu imeota ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini, na ndevu hizo pamoja na majani huchuja maji ya ukungu kama kitambaa. Ukisimama chini ya mti asubuhi utadhani kunanyesha, na nje ya msitu ardhi ni kavu. Kwa hivyo mti mkubwa hunywa hata wakati hakuna mvua. Msitu wa Marsabit unaishi kwa mvua na kwa ukungu pamoja.

Hindi halina ndevu za namna hiyo. Mzee mmoja wa Kiborana alituambia maneno haya baadaye sana, tulipokuwa tukilalamika: "Wanangu, mlimwonyesha huyu mama msitu, mkamwambia ni shamba. Ukungu unamjua mti. Mahindi haujui." Tulinyamaza, tungejibu nini?

Ndiyo sababu pia ukikata msitu upate shamba, hupati shamba lenye unyevu wa msitu. Unyevu unaondoka na miti.

Jambo lingine ni maji. Mtu anaona kijani anadhani kuna mito. Mlima huu ni wa mawe ya volkano yenye matundu. Maji yanazama chini, na hakuna mto wa kudumu unaoteremka kwenda nyikani. Kuna chemchemi chache, na maziwa ya volkano. Hata lile ziwa zuri la Gof Sokorte Guda, ambalo watalii huliita Lake Paradise, hupungua sana ukame ukizidi na hata kukauka. Mjini wakati wa kiangazi mitungi ya njano hupangwa foleni na maji huuzwa kwa punda.

Tena mlima hauna uso mmoja. Upande wa kusini-mashariki, unaotazama upepo, hupata zaidi. Huko ndiko Songa, ambako miaka ya 1970 familia za Warendille zilizopoteza mifugo zilisaidiwa na wamisionari kuanza kulima kwa mifereji ya maji kutoka msituni, na mpaka leo mboga na maembe hutoka huko. Upande wa pili, uliojificha, mvua ni haba, na ukiteremka kilomita chache tu uko nyikani. Kwa hivyo mtu akikuambia, "Nina shamba Marsabit, ekari mbili," mwulize: upande gani, na juu kiasi gani? Ekari ya Songa na ekari ya upande wa Chalbi si ekari moja. (Mambo ya hati na ya ujirani wa makabila ni somo lingine zito. Hapa tunasema tu, usitoe shilingi kabla ya kuketi na wazee na chifu wa mahali penyewe.)

Upepo, nao, hapana mchezo. Upepo unaopita kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia hubanwa kama maji kwenye bomba, ukaongezeka kasi. Ni katika kaunti hii ya Marsabit, upande wa Loiyangalani, ambako mitambo 365 ya upepo imesimamishwa, na tangu 2018 inatoa umeme wa taifa. Watu hawajengi mitambo 365 mahali pa upepo wa kubembeleza. Kwako mhamiaji maana yake ni mabati yapigwe misumari ya kutosha, mahindi marefu yataanguka, na udongo utakauka haraka kuliko unavyodhani. Panda miti ya kukinga upepo mwaka wa kwanza, kabla hata ya kumaliza choo. Tunatania, choo kwanza.

Na wale wanaopanda kutoka nyikani baada ya mifugo kufa, wao wanaujua ukame kutushinda sisi sote. Kinachowashangaza ni baridi. Mtoto wa Korr au wa North Horr aliyelala maisha yake yote kwenye joto anaamshwa na ukungu, nguo hazikauki, kuni zimelowa, moshi umejaa nyumba, na kifua kinaanza kubana. Sweta na blanketi ziingie katika bajeti ya kuhama sawa na jembe. Ngamia nao hawapendi huko juu, waachwe kwa jamaa chini.

Namna ya kuuliza

Ukienda kutembelea mahali, usiulize, "Hapa mvua inanyesha?" Mwenyeji ana adabu, atasema inanyesha. Uliza, "Ni mwaka gani hukuvuna?" Hapo utaona mzee anakaa vizuri. Atakutajia 1984. Atakutajia 2000, 2009, 2011, 2017, halafu ile ya 2020 hadi 2022. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi kati ya moja na nyingine. Kisha uliza walikula nini miaka hiyo, maana hilo ndilo utakalokula wewe.

Nenda sokoni asubuhi lori likishusha. Ukiona kabichi na viazi vinateremshwa kutoka Meru, jiulize kwa nini hapa haviuzwi vya hapa. Tazama matangi ya watu yana ukubwa gani. Tazama miti imeinama upande gani. Tazama jirani amepanda nini: ukikuta kunde, maharage ya muda mfupi, mtama, au ile nafaka ndogo ya tefu ambayo Waburji na Waborana hulima, usicheke. Wameishi hapo.

Na nenda mara mbili. Nenda Mei, lakini nenda Septemba pia. Kama nauli haitoshi mara mbili, nenda Septemba.

Mkebe wa mvua

Hili kikundi kinaweza kufanya hata kabla mtu hajahama, na linafaa hata kwa wasiohama. Tafuta mkebe uliosimama wima, yaani mdomo na tako vina upana mmoja. Uweke juu ya kigogo mahali peupe, mbali na mti na ukuta, uufunge upepo usiuangushe. Kila siku saa tatu asubuhi mtoto wa shule atumbukize rula, asome milimita, aandike daftarini, amwage. Kama rula yake inaacha nafasi kabla ya sifuri, ikatwe kwanza. Siku isiyonyesha aandike 0, asiruke. Upana wa mkebe hausumbui, kwa sababu tunapima kina cha maji.

Milimita moja ya mvua ni lita moja katika kila mita moja ya mraba. Ukilijua hili unaweza kuhesabu tangi. Tuseme paa lako la mabati ni mita 6 kwa 5, yaani mita 30 za mraba. Msimu ukinyesha milimita 300, hizo ni lita 9,000. Toa sehemu moja kwa tano zinazomwagika na kukauka, unabaki na 7,200. Familia inayotumia mitungi mitatu ya lita 20 kwa siku inamaliza lita 60. Juni hadi Septemba ni siku 122, kwa hivyo inataka lita 7,320. Paa linakaribia kutosha! Lakini tangi ambalo wengi hununua ni la lita 2,300. Hata likijaa hadi mdomoni tarehe 1 Juni, linakwisha siku ya 38, tarehe 8 Julai. Agosti yote na Septemba yote unanunua maji ya punda. Afadhali kikundi kinunuliane matangi makubwa kwa zamu, kama mnavyonunuliana sufuria katika merry-go-round.

Mbegu nayo ifuate daftari la mkebe. Aina kama H614 inataka miezi sita na mvua ya milimita 800 au zaidi katika msimu wake. Katumani hukomaa kwa miezi mitatu hivi na inaweza kuvuna kwa milimita 250 hadi 500 zikigawanyika vizuri. Gunzi lake ni dogo, ni kweli, na mtu wa Kitale atalicheka. Pandeni mapema, mvua za kwanza zikianza au hata kwenye vumbi kabla hazijaanza, kwa sababu hapa wiki mbili zilizopotea ni robo ya msimu.

Yule mama bado yuko. Mvua kubwa za mwisho wa 2023 zilijaza tangi lake, na mwanzo wa 2024 alivuna Katumani na kunde. Mkebe wake uko juu ya kigogo nyuma ya jiko, na kifungua mimba wake ndiye huandika. Jamaa zake wa Kitale wakimpigia simu kuuliza kama nao waje, hawaambii ndiyo wala hapana. Anamwita binti alete daftari, anawasomea mwezi kwa mwezi, hata zile kurasa zilizojaa sifuri.

Maswali ya kujadiliana kikundini

Katika kijiji chenu, mvua za kwanza zilianza lini mwaka huu, na mwaka jana? Kuna yeyote aliyeandika, au kila mtu ana tarehe yake?

Wazee wataje miaka ambayo hapa kwenu hamkuvuna. Vijana waandike. Je, nafasi kati ya mwaka mmoja mbaya na mwingine inapungua?

Kama kuna mwanachama anayefikiria kuhama, amekwenda kuona mahali hapo mwezi gani? Nani atamsindikiza mwezi ule mwingine?

Ni nani kati yetu ana mkebe uliosimama wima nyumbani, na mtoto gani atasoma rula kesho saa tatu?